Ukoo na Zama Zake: Ile Jumatano ya Mwaka 1336

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko kurasa nilizopewa. Nimechagua nne. Ya kwanza imenikalisha mezani siku kadhaa, nami nimeipa nafasi kubwa kwa makusudi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjukuu wa watu wa Pangani. Nyumbani kuna Msahafu wa zamani, na kwenye karatasi tupu ya mwanzo mwenye Msahafu ameandika wazawa wa nyumba yake, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Yeye ndiye babu mzaa baba wa bibi yangu. Bibi ameandikwa hivi: "Amezaliwa usiku wa Jumatano, mwezi 5 Mfungo Sita, 1336." Sasa simulizi tuliyokua nayo ni kwamba baba yake bibi alichukuliwa na Waingereza walipoingia Pangani, akapelekwa kubeba mizigo ya vita huko kusini, asirudi. Waingereza waliingia 1916. Nimepiga hesabu, 1336 inanipeleka mwisho wa 1917. Mjomba ananiambia niache kuchokoa, tarakimu ile ya mwisho ni tano iliyomwagikiwa wino, isomwe 1335, nisije nikamvunjia heshima mama yake bibi aliye kaburini. Naandika historia ya ukoo, Mwalimu. Niandike mwaka gani? Na je, niandike kwamba alifia Mahiwa, maana ndiko wengi walikokufa?
*Mjukuu, Pangani*

Marahaba mwanangu. Ahsante kwa picha ya ukurasa ule, na ahsante zaidi kwa kuuliza kabla ya kuandika.

Tuanze na wino. Mjomba wako ana haki ya kuwa na wasiwasi, kwa sababu ukurasa umepata maji. Lakini tano ya Kiarabu ni kiduara kilichofungwa, na sita ni mfano wa ndoana. Doa lipo, na chini ya doa mimi naona ndoana. Hata hivyo macho yangu ni ya mzee na picha ni picha, kwa hiyo sikutaka tuishie hapo. Mwandishi ametuachia kitu bora kuliko umbo la tarakimu: ametaja siku.

Mwaka wa Hijria 1336 ulianza tarehe 17 Oktoba 1917. Mfungo Sita, yaani Rabiul-Awwal, uliandama katikati ya Desemba, na mwezi 5 unaangukia tarehe 19 Desemba 1917. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Sasa tuufuate mwaka wa mjomba: mwezi 5 Mfungo Sita 1335 unaangukia tarehe 30 Desemba 1916, nayo ilikuwa Jumamosi. Mwezi unaweza kuonekana siku moja mbele au siku moja nyuma ya hesabu, jambo hilo tunalijua sote. Hauwezi kuteleza kutoka Jumamosi hadi Jumatano. Ni 1336.

Na kwa kuwa ameandika "usiku wa Jumatano", kumbuka kwa wazee wa pwani siku huanza jua linapotua. Usiku wa Jumatano ndio ule wa kuamkia Jumatano. Bibi yako basi alizaliwa usiku ulioanza magharibi ya Jumanne, tarehe 18 Desemba 1917. Ni watu wachache sana wa kizazi chake katika nchi hii ambao wajukuu wao wanaweza kutaja hata usiku wa kuzaliwa. Yeye unaweza kumtajia.

Nakuja kwenye lile linalomuuma mjomba, nami nitalisema waziwazi, kwa sababu kulizungukazunguka ndiko kunakozaa maneno. Mimba huchukua miezi tisa ya mwandamo. Kutoka Mfungo Sita 1336 rudi nyuma miezi tisa, unafika Mfungo Tisa 1335, yaani kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili 1917. Pangani ilichukuliwa na Waingereza Julai 1916. Kama baba yake bibi aliondoka wiki ile ile meli za Waingereza zilipotokea, hesabu inagoma.

Lakini nani alisema aliondoka wiki ile? Sikiliza maneno ya simulizi yenyewe: "alichukuliwa Waingereza walipoingia." Wewe umesoma kitabu, ukaona Julai 1916, ukaibandika tarehe ya kitabu juu ya neno la wazee. Kwa mzee aliyeyaona mambo yale, "Waingereza walipoingia" si siku moja wala mwezi mmoja. Ni majira mazima: bendera ilipobadilika, fedha ilipobadilika, vijana walipokuwa wakikusanywa, njaa ilipofuata. Na ukiitazama vita ilivyokwenda, mwaka wa kuchukuliwa watu hasa ulikuwa 1917. Jeshi la Kijerumani lilikuwa limesukumwa kusini, Rufiji, Kilwa, Lindi, na kila alichokula askari wa Kiingereza kule kilipaswa kubebwa, maana punda, ng'ombe na farasi walikuwa wanateketezwa na mbung'o. Wanyama walipokwisha walitafutwa watu, na mwaka 1917 walitafutwa kwa nguvu kuliko wakati wowote kabla yake. Mtu wa Pangani aliyelala kwake Aprili 1917 na kuwa njiani Juni 1917, mzigo kichwani, si jambo la ajabu hata kidogo. Inawezekana pia alichukuliwa 1916, akarudishwa nyumbani mgonjwa, akachukuliwa tena. Simulizi hupenda kuondoka kumoja. Vita vile viliwachukua watu zaidi ya mara moja.

Kisha tazama nani aliyeshika kalamu. Si karani wa serikali, si padri mgeni. Ni baba mzazi wa yule aliyechukuliwa. Mwanawe hayupo, hajui kama yu hai, mkaza mwana amejifungua ndani ya nyumba yake, naye amefungua Msahafu wake, kitu kitukufu kuliko vyote alivyokuwa navyo, akamwandika mtoto yule katika mstari mmoja na wajukuu wengine, kwa usiku na tarehe. Kama mzee yule hakuwa na shaka, mimi na wewe na mjomba tutaitoa wapi, baada ya miaka zaidi ya 100? Msomee mjomba ukurasa ule polepole. Heshima ya mama yake bibi imeandikwa pale, na mkwewe ndiye aliyeiandika.

Jambo moja nakuomba uliangalie kwa macho yako, kwa sababu picha hainionyeshi. Je, majina yote ya wazawa yameandikwa kwa wino mmoja na mkono ule ule usiobadilika? Kama ndivyo, mzee aliyaandika siku moja, pengine miaka baadaye, kwa kunakili au kwa kukumbuka. Kama wino unatofautiana, mstari mmoja mweusi, mwingine umekwenda hudhurungi, herufi zikianza imara kisha zikitetemeka kadiri majina yanavyoshuka, basi aliandika kila mtoto alipozaliwa. Hapo una ushahidi wa wakati wenyewe. Kwa mstari wa bibi sina hofu sana hata ukikuta wino mmoja, maana siku na tarehe zimekubaliana, na mtu anayebuni ni nadra kuotea vyote viwili. Lakini liandike utakaloliona.

Kuhusu Mahiwa: hapana, mwanangu. Mapigano ya Mahiwa yalikuwa Oktoba 1917, makali mno, na baba yake bibi angeweza kuwa karibu nayo. Kuweza si kuwa. Wapagazi wengi zaidi waliuawa na kuhara, homa, kichomi na njaa kuliko risasi, wakafia njiani na kwenye kambi ambazo hakuna aliyezipa jina. Majina yao hayakutunzwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Babu yako yumkini ni mmoja wao. Ukimpa kaburi la kubuni Mahiwa, umemfunga mahali ambapo hakuna atakayemtafuta tena penginepo.

Mimi ningeandika hivi: "Alikuwa nyumbani Pangani Mfungo Tisa 1335. Alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, kwa simulizi ya nyumbani, Waingereza walipoingia. Binti yake alizaliwa usiku wa kuamkia Jumatano, 19 Desemba 1917. Hakurudi." Mistari minne. Na chini yake uibandike picha ya ukurasa wa Msahafu, doa la maji likiwemo.

Mwalimu, shikamoo. Sisi ni ukoo wa Tabora, tunaandaa kijitabu cha mkutano wa ukoo. Babu yetu alifariki 1983. Kadi yake ya zamani inasema alizaliwa 1898. Mwenyewe alizoea kusema, "Nilizaliwa gari la moshi lilipofika Tabora," na mara nyingine, "Tulibeba mizigo ya Wabelgiji." Ametuachia sarafu ya shaba ya njano ya mwaka 1916, ina taji na herufi T. Baba mdogo anasema ni mshahara wake alipokuwa askari wa Mjerumani. Tumekwisha kuandika kwamba babu alipigana Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili. Je, ni sawa?
*Katibu wa ukoo, Tabora*

Marahaba. Si sawa, na nashukuru kijitabu hakijakwenda kwa mpiga chapa.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Mtoto aliyezaliwa gari la moshi lilipofika alikuwa na miaka minne hivi Wabelgiji walipoingia. Habebi mizigo ya jeshi, wala hapewi bunduki na Mjerumani. Upande mwingine, mtu wa 1898 angekuwa kijana wa miaka 18, mgongo tayari kwa mzigo wa Mbelgiji, ila hapo hakuzaliwa treni ilipofika, alikwenda kuitazama akiwa mvulana mkubwa. Mna njia mbili na babu hawezi kupita zote.

Katika barua yako ndefu, ambayo sikuichapa yote, umesema mtoto wa kwanza wa babu ni baba yenu mkubwa, aliyezaliwa 1938, na kwamba mama yake ndiye aliyekuwa mke wa kwanza wa babu. Umesema pia mdogo wa babu anayemfuata ziwa alikwenda Burma na keya, yaani K.A.R., jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Hivi ndivyo vidato vya ngazi. Mtu wa 1912 kupata mtoto wa kwanza 1938 ni jambo la kawaida. Mtu wa 1898 kukaa bila mke wala mtoto hadi miaka 40, simulizi yenu ingekuwa na neno juu yake, na haina. Na askari wa Burma, vita vya 1944 na 1945, kumfuata ziwa mtu aliyezaliwa 1898, ni mbali mno. Mimi nasimama na gari la moshi. Ile kadi iandikeni kwamba ipo na inasema nini, msiitupe, lakini msiitegemee. Kadi nyingi za wazee wetu zilijazwa kwa karani kumtazama mtu usoni na kukata shauri.

Sasa "tulibeba". Hapa ndipo nawaomba mwe na masikio ya Kiswahili. Hakusema "nilibeba". Kuzaliwa alisema "nilizaliwa", kwa nafsi yake. Kubeba akasema "tu". Mzee wa ukoo anaposema "tulihama", "tulipigana", "tulikufa sana mwaka ule", anasema nyumba, hasemi kiwiliwili chake. Mmewahi kumsikia mzee wa miaka 70 akisema "tulipotoka kule tulivuka mto kwa mitumbwi", naye anasema habari za babu wa babu yake. Haongopi. Ndivyo ukoo unavyosema. Swali la kuwauliza wazee waliobaki si "babu alibeba?" Ni "nani katika nyumba ya babu alikuwa mtu mzima Wabelgiji walipoingia?" Ni baba yake, kaka zake, au wajomba. Mmojawapo ana jina, na huyo ndiye mpagazi mnayemtafuta. Kwa sasa amefichwa nyuma ya babu yenu.

Ile sarafu. Umeniandikia kwamba upande mmoja kuna taji, herufi D.O.A. (kifupi cha Kijerumani cha Afrika Mashariki ya Kijerumani), 1916 na T, na upande wa pili 20 HELLER. Hiyo ni ya Tabora yenyewe. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimeziba pwani, fedha haikuweza kuletwa kutoka Ujerumani, nao Wajerumani wakapiga sarafu kwenye karakana ya reli huku huku bara. T ni Tabora. Heller 100 zilikuwa rupia moja, na heller ndiyo iliyotuachia neno tunalolitamka kila siku: hela. Mnayo mkononi hela yenyewe, ile iliyokuwa hela hasa.

Inasema nini juu ya babu? Kwamba mtu wa nyumba yenu alikuwa na fedha ya Mjerumani mwaka 1916 au baada yake. Basi. Mshahara wa askari ulilipwa kwayo, na muuza mihogo sokoni alilipwa kwayo, na fundi wa reli pia. Baada ya vita haikununua kitu, na huenda ndiyo maana imebaki, watoto wakachezea. Mtoto wa miaka minne kupewa sarafu ya shaba inayong'aa akaificha maisha yake yote, mimi naiona picha hiyo kwa urahisi, lakini hata hiyo msiiandike. Andikeni ilivyo, ipimeni upana, ipigeni picha pande zote mbili, na msiisugue kwa ndimu na majivu. Ikisuguliwa, ile T itafutika.

Nasema haya kwa sababu niliwahi kukosea, na kosa langu bado linaniuma. Nilipokuwa mwalimu kijana niliandika habari za babu yangu mzaa mama, Mngoni. Niliijua Majimaji vizuri, nilikuwa naifundisha: Julai 1905 kuanza kwa kung'oa pamba huko Matumbi, vita kufika Ungoni, kunyongwa kwa Songea Mbano na wenzake mwaka 1906. Babu alikuwa na umri unaolingana, alikuwa wa mahali penyewe, nikamweka vitani na usinga wa dawa mkononi. Nikasoma mbele ya ukoo. Nilipomaliza, mama mkubwa alinivuta kando ya ghala akaniambia kwa sauti ya chini: "Baba yangu alikuwa mtoto wa misheni. Peramiho ilipochomwa moto alijificha porini na wenzake siku nyingi. Aliwaogopa wapiganaji na aliwaogopa Wajerumani. Hadi anakufa alikuwa hawezi kusikia moshi wa nyasi akalala." Nilikuwa nimesoma vitabu vyote nilivyovipata, na sikuwa nimemuuliza mtoto wake. Vita ilikuwa kweli. Mtu niliyemweka ndani yake sikuwa namjua.

Mwalimu, hatuna hata karatasi moja. Sisi ni wa Dodoma vijijini. Bibi alisemekana kuzaliwa wakati wa Mtunya, mama anasema alimzaa kaka yangu "wakati wa Operesheni". Tunaanzia wapi?
*Msomaji, Dodoma*

Mmeshaanza. Mna nguzo mbili, na watu wengi wenye masanduku ya karatasi hawana hata moja iliyo imara hivyo.

Mtunya ni njaa kuu ya Ugogo ya kati ya 1917 na 1920. Majeshi yalikuwa yamekula nafaka na mifugo, wanaume walikuwa wamechukuliwa, kisha mvua ikakosekana, na juu yake likaja lile homa la mafua la mwishoni mwa 1918. Mwaka wa bibi unaweza kuubana zaidi kwa kuuliza: homa ilipokuja, alikuwa mgongoni, alikuwa tumboni, au alikuwa bado? Mara nyingi familia hukumbuka nani alikufa kwa homa na nani alikuwa ananyonya. Uliza pia jina la bibi la utotoni. Wazazi wetu waliandika kalenda kwa majina: Mabula wa mvua kwa Wasukuma, Okech wa njaa kwa Wajaluo, Tabu, Mashaka, Vita. Ila jina nalo hurithiwa, kwa hiyo hakikisha si la shangazi yake.

Kuhusu Operesheni, yaani kule kuhamishiwa watu kwenye vijiji vya ujamaa, uwe mwangalifu, maana kwenu zilikuwa mbili. Operesheni Dodoma ilikuwa 1970 na 1971. Operesheni Vijiji ya nchi nzima ilifuata tangu mwishoni mwa 1973, watu wote wakitakiwa wawe vijijini kabla ya mwisho wa 1976. Mama yu hai. Usimuulize mwaka. Mpeleke kwenye mahame yenu, akuonyeshe nyumba ilipokuwa, zizi lilipokuwa, na makaburi yapo upande gani wa mbuyu. Akisimama pale atakwambia kama alikuwa mjamzito siku ya lori au alikuwa amebeba mtoto. Nenda kiangazi hiki, nyasi zikiwa chini.

Shikamoo Mwalimu. Baba wa babu yangu alikuwa akida wakati wa Mjerumani. Majirani zetu mpaka leo wana maneno juu yake, kwamba alitoza watu na kuwapigisha viboko kwenye shamba la pamba. Wazee wa ukoo wanataka niandike tu kwamba "alikuwa kiongozi". Nifanyeje?
*Msomaji, Kilwa*

Marahaba. Nimekaa na barua yako muda mrefu, kwa sababu najua uzito wa kuwaambia wazee hapana.

"Kiongozi" ni neno linaloficha. Andika akida, maana ndicho alichokuwa, na wasomaji wa huko kwenu wanajua akida ni nani: mtu wa serikali aliyesimama kati ya Mjerumani na majumbe, mwenye kukusanya kodi na kusimamia kazi ya lazima. Mashamba ya pamba ya kulazimishwa yalianza 1902, na chuki yake ni moja ya chanzo cha vita ya 1905. Hamsa ishirini, viboko 25, haikuwa hadithi ya kutishia watoto. Iliandikwa kwenye vitabu vya Wajerumani wenyewe kama adhabu ya kawaida.

Lakini usimwandike kwa chuki ya jumla kama ambavyo hutamwandika kwa sifa ya jumla. Alikuwa akida wa eneo lipi? Aliteuliwa kabla au baada ya pamba? Vita ilipoanza alikimbia, aliuawa, au alibaki? Akida wengine walikuwa wageni kutoka miji ya pwani, wengine wenyeji waliojikuta katikati. Mengine yanaweza kuwa kwenye nyaraka za Kijerumani zilizomo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na ukienda nenda na jina la eneo, si jina la ukoo peke yake.

Na kabla ya Dar es Salaam, vuka uzio. Nenda kwa jirani mwenye maneno hayo, mpeleke mkubwa mmoja wa kwenu anayekubali kufuatana nawe, mbishe hodi jioni, umwambie: "Nimekuja kusikia, sikuja kubishana." Kalamu iache mfukoni siku ya kwanza. Akikupa jina la mtu wao aliyechapwa, omba ruhusa ya kuliandika, kisha uliandike kwenye kijitabu chenu, ukurasa ule ule wenye jina la akida.